Taulo Sitini za Kufungulia Kanisa

Kabla mama mchungaji Siaunofo hajahamia kwetu, nguo safi ilikuwa nguo isiyonuka kitu. Ukiinusa unapata jua, basi. Hakuna aliyejivunia harufu ya jua, maana kijiji kizima cha Vaisiva tulilipata bure, na kitu cha bure hakimpi mtu cheo, hata kanisani.

Siku hizo mfuaji wa mchungaji alikuwa Fuatino, mke wa Pouono, msemaji wa ukoo, yule anayeuzungumzia hadharani. Alikuwa amewafulia wachungaji watatu, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka ishirini na miwili. Si kazi ya mshahara. Ni heshima, na kisiwani kwetu huku Savai'i mtu yuko radhi kula magimbi makavu mwaka mzima kuliko kupokonywa heshima kama hiyo mbele ya majirani.

Kila Jumatatu alishuka na kapu lake hadi pwani, pale maji baridi yanapobubujika kati ya mawe bahari ikipwa. Alisugua kwa sabuni ya mche, akasuuza mara tatu, na mara ya tatu alikamulia ndimu ndani ya beseni. Kisha alizitandaza zile nguo nyeupe juu ya mawe meusi ya volkano yaliyo nyuma ya nyumba yake, mawe ambayo ikifika saa sita mbwa huyapita kwa kurukaruka. Kola na shuka ya kiunoni alizichovya katika uji mwepesi wa wanga wa masoa, kiazi chetu cha wanga mweupe, akazipiga pasi zikiwa bado na unyevu. Koti la mchungaji likitundikwa ukutani lilisimama kama lina mtu ndani. Taulo zake zilikauka zikawa mbao, na ilibidi uzipige mara mbili tatu kwenye nguzo ndipo zikubali kukunjika. Pouono alilalamika miaka yote kwamba taulo la mkewe linamchuna ngozi. Lakini alikauka.

Siaunofo alitoka Auckland, mji wa ng'ambo, ambako mumewe alikuwa akihudumia usharika wa watu wetu. Alishuka na pipa la vitu, na ndani ya pipa mlikuwa na chupa za kilainishi cha nguo, maji mazito ya rangi ya zambarau yenye picha ya mtoto anayelala juu ya wingu. Jumapili yake ya kwanza alipita katikati ya kanisa, na harufu ikamfuata, ikakaa, ikakataa kutoka hata baada ya baraka. Kwaya ilikosa kuingia kwenye ubeti wa pili kwa sababu sauti zote za juu zilikuwa zimegeuza shingo.

Haukupita mwezi, kila mwenye mtoto ng'ambo alikwishapiga simu. Zamani mapipa kutoka Auckland yalileta nyama ya kopo, blanketi na viatu vya shule. Sasa yakaja na maji ya zambarau. Nyumba iliyonukia ilikuwa nyumba yenye mtoto anayekumbuka wazazi. Nyumba isiyonukia, watu waliipita wakitikisa kichwa taratibu, kama wanavyopita penye msiba. Wanawake waliacha kusuuza kabisa, wakaona kusuuza ni kumwaga baharini upendo wa mtoto. Alofipo, katibu wa kamati ya kina mama, mwenye mabinti wawili huko Auckland, alitia nusu chupa kwa beseni moja, na Jumapili moja nyuki walimfuata kutoka kwake hadi mlango wa kanisa, wakaingia naye. Shemasi aliyeketi nyuma yake aliumwa sikioni. Walisema ni majaribu ya shetani. Mimi nasema ulikuwa upuuzi mtupu, na nilikuwapo.

Fuatino naye alikuwa na mtoto Auckland. Mwanawe wa pekee, Vaelei, alikuwa huko mwaka wa tano, akipakia kuku waliogandishwa katika ghala. Miaka miwili ya kwanza alituma mapipa. Miaka mitatu iliyofuata alituma salamu za Krismasi, tena fupi, kama mtu anayezungumza huku anaitwa. Fuatino hakumsema kwa mtu yeyote. Ila nguo zake zilinuka jua, na Vaisiva nzima ilisoma hapo kila ilichotaka kusoma.

Kamati ya kina mama kwetu hukagua nyumba zote mara moja kwa mwezi. Hufunua mashuka, huinua mikeka, huchungulia chooni, na kila kitu huandikwa daftarini. Mwenyekiti ni mke wa mchungaji, awe anajua kufua au hajui. Siaunofo aliongeza safu moja ya kuandikia, akaiita Harufu. Walipofika kwa Fuatino walikuta mashuka meupe hadi macho yanauma, sufuria zinang'aa, choo kimesuguliwa. Kwenye safu ya Harufu, Alofipo aliandika "Hakuna", kwa herufi kubwa kuliko zile alizoandikia majina ya watu.

Siaunofo hakuwa mtu mbaya, tuelewane. Alikuwa mtu aliyeishi mahali pengine na akadhani mahali pengine ndipo panapofahamika kila kitu. Alimshika Fuatino mkono kwa upole.

"Mama Fuatino, kazi yako naiona. Nyeupe, sikatai. Lakini nguo za mchungaji zinanifikia kama zimetoka kwa seremala. Mgeni akiketi karibu na mchungaji, anuse nini?"

"Asikilize mahubiri, mama," alisema Fuatino.

Wanakamati waliangalia chini. Mmoja alikohoa ili asicheke.

Basi hapo Siaunofo akaweka neno lake mezani. Kanisa jipya, lile tulilolijenga miaka sita, lilikuwa limebakiza majuma matano lifunguliwe. Angekuja Mzee Kirifi, mkubwa wa wachungaji wa wilaya, pamoja na wageni kutoka sharika kumi na nane. Na kwetu mgeni wa heshima akimaliza kula huletewa bakuli la maji na taulo jeupe mbele yake, anawe na kujifuta palepale alipoketi. Zilikuwa zimenunuliwa taulo mpya sitini. Kwa desturi zilikuwa za Fuatino kufua. Lakini, alisema Siaunofo, kamati itazikagua Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, na kama hazitanukia zitakwenda kwa Alofipo, na nguo za mchungaji zitazifuata huko huko, moja kwa moja.

Fuatino aliwasindikiza hadi barabarani kwa adabu zote. Aliporudi ndani alikaa juu ya mkeka, na Pouono alimkuta hapo hapo jua likiwa limeshahama upande wa pili wa nyumba.

Kesho yake alimpigia Vaelei. Katika miaka mitano alikuwa hajawahi kuwa wa kwanza kupiga.

"Mama, nani amefariki?" kijana aliuliza.

"Hakuna aliyefariki. Nataka yale maji ya zambarau ya kulainishia nguo."

Vaelei alinyamaza muda mrefu, hata mama akadhani simu imekatika. Kisha akasema atayatuma, na akaomba radhi, ingawa hakusema kwa lipi.

Chupa mbili kubwa zililetwa na binamu aliyekuja kwa msiba wa kijiji cha jirani. Fuatino alikwenda kuzipokea akiwa na kapu, lakini kurudi alizibeba mkononi, moja kila upande, na badala ya kupita njia ya mkato alizunguka kwa nyumba ya Alofipo. Hapo mbele ya nyumba ya Alofipo kiatu chake kikadai kurekebishwa. Aliziweka chupa chini, akarekebisha kiatu, akazichukua tena. Na alikuwa amevaa ndala.

Kwenye chupa imeandikwa kifuniko kimoja kwa nguo za mashine nzima. Fuatino aliona kifuniko kimoja ni kwa wale wenye watoto wanaopenda kidogokidogo. Aliziloweka zile taulo sitini mara tatu, kila mara akimimina hadi maji yakawa mazito kama tui, na hakusuuza. Alizikamua tu na kuzianika. Safari hii hazikukauka zikawa mbao. Zililala juu ya mawe meusi teketeke kama paka, na harufu ikafika barabarani, ikawasimamisha watu waliokuwa na haraka zao. Akiwa amenogewa, alizitia hata kola za mchungaji. Kola zile zilikataa kushika wanga, zikalala ubavu, na alipozipiga pasi zilibaki na kiwingu cha njano. Fuatino aliulaumu wanga. Alisema masoa ya mwaka huu hayafai.

Siaunofo alipita, akaona, akanusa, akamvika kilemba cha ukoka mbele ya watu. Alisema sasa ndiyo anamtambua Fuatino. Alisema mtoto wa Fuatino ni mtoto kweli. Hilo la pili Fuatino alilibeba nyumbani, akalirudia kwa Pouono mara nne kabla ya chakula.

Yote hayo yakageuka Jumatano alasiri, siku tatu kabla ya sherehe, kwa sababu Pouono alikuwa haambiliki. Zile taulo zilikuwa zimekunjwa na kufunikwa kwa mkeka, na alikwishaonywa kwamba atakayezigusa atalala nje. Alitoka kuoga, akatazama kulia na kushoto, akachomoa moja. Alitaka tu, kama alivyojitetea baadaye, kujua raha wanayoipata wachungaji. Akajifuta kichwa, na kichwa cha Pouono hakina unywele hata mmoja. Maji yakateremka shingoni. Akajifuta tena. Yakateremka tena.

"Bibi," aliita, "hili taulo linanisukuma."

Fuatino alitoka na mwiko mkononi, tayari kwa vita. Alimkuta mzee amesimama akidondoka maji kama aliyetoka kisimani sasa hivi, taulo mkononi, na taulo lenyewe kavu. Matusi yakamkauka mdomoni. Alilichukua lile taulo, akalitandaza mkekani, akachota maji kwa kiganja na kuyamimina juu yake. Maji hayakuingia. Yalijikusanya yakawa matone ya mviringo, yakatetemeka, na alipoinua ncha yakabingirika na kumwagika pembeni, vilevile kama juu ya jani la gimbi. Alichukua la pili, na la tatu. Alichukua la chini kabisa. Yote majani ya gimbi.

Hapo akaelewa. Hakuhitaji mtu wa kumsomea. Yale maji ya zambarau yalikuwa namna ya mafuta, yanaupaka kila uzi kama mtu anavyopaka nywele, na uzi uliopakwa si kwamba unatelezesha maji tu, haushiki wanga wala hauachii uchafu. Kola zilikuwa zimemwambia Jumatatu, naye akayasingizia masoa. Aliona aibu hadi masikio yakapata moto. Miaka ishirini na miwili, na amefua taulo sitini zisizofuta.

Pouono, kwa kuwa ni msemaji, alianza kwa kuwataja mababu wa pande zote mbili na safari walizosafiri. Fuatino alimtazama. Mzee akakatiza safari za mababu.

"Haya, basi nikuulize kwa kifupi. Wewe ulifua ili watu wanuse, au ili watu wakauke?"

"Nilifua ili wajue Vaelei ananikumbuka," alisema Fuatino.

Pouono alikaa karibu yake, bado akidondoka. Wote wawili waliujua mtego ulivyokuwa. Fuatino akinyamaza, Ijumaa kamati itanusa, itafurahi, na kazi itabaki yake. Ila Jumamosi wageni wa wilaya nzima watabaki na mafuta ya nguruwe mikononi. Akizifua upya, zitafuta, lakini hazitanukia, na kazi itakwenda kwa Alofipo. Aliukalia mtego huo hadi wakati wa sala ya jioni. Baada ya sala alisema tu kwamba anahitaji siki.

Alhamisi asubuhi alinunua chupa zote za siki zilizokuwa dukani kwa Mchina. Mchina aliuliza kama kuna samaki wengi. Walichemsha maji katika sufuria kubwa za karamu, wakaloweka taulo kumi kumi katika maji ya moto na siki, na maji yakatoka na utelezi na ukungu mweupe, kama yaliyooshea vyombo vya mafuta. Wakayamwaga, wakarudia. Kisha sabuni ya mche kidogo, kisha kusuuza mara tatu pwani, ndimu mwishoni. Pouono alibeba ndoo. Msemaji wa ukoo habebi ndoo, kwa hiyo kila alipopita mtu aliitua chini na kujifanya anaihutubia. Hadi alasiri taulo zote sitini zilikuwa juu ya mawe. Harufu ya siki iliondoka na jua, na ile ya zambarau ikaenda nayo. Fuatino alizipiga kwenye nguzo, moja moja, zikalegea. Akamimina maji juu ya moja, nalo likayanywa yote hata mkeka chini yake haukulowa.

Alipaswa kufurahi, na alifurahi kidogo. Lakini alipozikunja alijikuta anatafuta ile harufu kwenye mikunjo, na hakuipata, na roho ikamuuma.

Ijumaa kamati ilikuja kabla umande haujakauka. Siaunofo alinusa taulo la kwanza, la kumi, la thelathini.

"Harufu iko wapi?"

"Nimeitoa, mama."

Akaeleza. Alieleza habari ya jani la gimbi, akaleta bakuli la maji ili waone kwa macho yao. Siaunofo aliinua kiganja kulizuia bakuli. Alisema Auckland hoteli zote hutumia kilainishi, na watu wa hoteli wamesomea. Alisema hawezi kumpa Mzee Kirifi kitu cha kukwaruza mkono wa mtumishi. Lakini lililomchoma Fuatino halikutoka kwa Siaunofo. Alofipo alifunga daftari na kusema polepole, kama anayemhurumia:

"Labda zile chupa zilikuwa za kuazima, zimerudishwa kwa wenyewe."

Mtu anaweza kuvumilia kudharauliwa kufua, lakini mwanawe! Fuatino aliingia ndani wakati wao wakihesabu. Siaunofo aliamua taulo ishirini za meza ya heshima zipelekwe kwa Alofipo zirudishiwe harufu siku ileile. Arobaini zilizobaki zitumiwe na wasemaji watakaoketi nje chini ya turubai na watu wa tanuri. Na kuanzia Jumatatu, nguo za mchungaji kwa Alofipo. Ikaandikwa.

Jumamosi tulifungua kanisa. Milango ilifunguliwa, nyimbo zikaimbwa, mahubiri yakawa matatu na kila moja likadai ni fupi. Mchungaji wetu alisimama madhabahuni na kola yake ikilala begani kama sikio la mbwa mzee. Kisha tukaenda kula.

Mezani kulikuwa na nguruwe mzimamzima wa kuokwa kwa mawe, ngozi ikipasuka kwa mafuta. Kulikuwa na majani ya gimbi yaliyofungwa na tui zito, na shelisheli, na samaki. Mzee Kirifi ni mtu mnene mwenye shukrani. Alikula kwa mikono, kama inavyostahili, hadi tui likamfika kwenye kifundo cha mkono. Akaletewa bakuli, akanawa. Akaletewa taulo, na meza nzima ikanukia mawingu. Akajifuta. Akalitazama taulo. Akaligeuza upande wa pili, akajifuta tena, na mikono ikazidi kung'aa. Aliye kulia kwake akafanya hivyohivyo, na aliyefuata, mpaka wakubwa ishirini wa wilaya walikuwa wanasugua viganja kwa pamoja kama nzi juu ya mfupa. Mgeni wa kwetu hawezi kulalamikia taulo, afadhali afe.

Na hapo ndipo ukaletwa mkeka. Ulikuwa mkeka wetu bora, uliosukwa na bibi za bibi zetu, laini kama hariri na rangi ya maziwa, ambao hautolewi ila kwa jambo la mara moja katika maisha ya watu. Wasichana wanne waliutandaza wakitembea, wanawake wote wakapaza sauti kuusifu, nao ukasimama mbele ya Mzee Kirifi ili aupokee kwa mikono yake miwili. Mzee Kirifi aliitazama mikono yake. Akautazama mkeka. Siaunofo, aliyekuwa ameshika ncha moja, aliiona mikono ile inavyometameta, na uso wake ukabadilika. Sifa zikapungua, zikaisha. Wasichana walisimama wakingoja na mzee akasimama akingoja.

Akatazama nje chini ya turubai, kwa wasemaji. Walikuwa wamekula nguruwe yuleyule, tena kwa pupa zaidi, na walikuwa wamekaa zao wakavu, taulo mabegani.

"Nani hapa ana taulo linalofuta?" aliuliza Mzee Kirifi.

Mbele ya kijiji kizima na sharika kumi na nane, Pouono aliinuka. Tulijiandaa kwa mababu. Alitembea hadi kwa mzee, akalitoa taulo begani, akampa kwa mikono miwili, hakusema kitu. Katika maisha yake yote ya usemaji hajawahi kunena vizuri kuliko siku ile.

Mzee Kirifi alijifuta mara mbili, akakauka. Alilinusa lile taulo.

"Halinuki chochote. Amelifua nani?"

"Mke wangu, Mheshimiwa."

Mzee hakulirudisha. Alimpa jirani yake, jirani akampa jirani, na wale wachungaji wote ishirini walijifuta kwa taulo moja la Pouono mpaka likawa jeusi, huku taulo zenye mawingu zikiwa zimelala magotini. Kisha mzee aliupokea mkeka wetu, na haukupata hata doa. Fuatino alikuwa upande wa tanuri, akiosha sinia. Mtu alikimbia kumwambia. Aliendelea kuosha, ila sinia lile lile, muda mrefu.

Mtu angedhani hapo kamati ingefuta safu ya Harufu. Huyo haijui kamati. Jumatatu walikutana, na Siaunofo, ambaye hakuzaliwa kushindwa, alisimama akasema tukio la Jumamosi limetufundisha sote. Kuanzia sasa kila mgeni wa heshima ataletewa taulo mbili: la kwanza la kunusa, litafuliwa na Alofipo, la pili la kujifutia, litafuliwa na Fuatino. Ikapitishwa kwa kauli moja, na daftari likaongezwa safu ya Kufuta. Ndivyo tunavyofanya mpaka leo, na vijiji vya jirani vimeanza kuiga. Nguo za mchungaji zilirudi kwa Fuatino kimyakimya, ndani ya kapu lililofunikwa, maana mchungaji mwenyewe aliona picha za sherehe na kola yake. Siaunofo alizileta kwa mkono wake. Aliuliza wanga wa masoa unachanganywaje, akasikiliza mpaka mwisho.

Jioni ya Jumatatu ile Vaelei alipiga simu, na haikuwa Krismasi.

"Mama, yale maji yalifika? Watu walinusa?"

Chupa ya pili ilikuwa rafuni, imebaki nusu. Fuatino alikuwa ameipangusa vumbi asubuhi.

"Walinusa, mwanangu. Kijiji kizima."

"Basi nitakutumia nyingine mwezi huu. Nikutumie ngapi?"

"Usitume kitu," alisema Fuatino. "Njoo wewe. Njoo na nguo zako chafu, nitazifua."

Simu ilikuwa kimya, lakini safari hii alijua haijakatika, maana alimsikia anavyovuta pumzi.

"Ni nyingi, mama," alisema Vaelei, na alikuwa analia.

Fuatino alimwambia mawe yapo palepale nyuma ya nyumba, na jua lipo.